Kibuyu cha Bi Mdogo

"Upo?"

Ndivyo ilivyoanza kila asubuhi katika nyumba ile, kama kweli ilikuwa asubuhi, maana katika nchi ile jua lilikuwa na tabia ya kukaa lilipotaka, kama mgeni asiyejua kuaga, na watu walishachoka kuliuliza. Bi Mwanjaa aligonga ukuta wa udongo kwa mpini wa mwiko. Upande wa pili Bi Somoe akajigeuza kitandani, akapapasa kanga yake, akajibu, "Nipo. Hujanizika bado."

"Nikuzike kwa lipi? Jembe lenyewe limevunjika mpini."

Hawa walikuwa wake wenza. Mume wao walimzika pamoja, na kwa kuwa miaka ya nchi ile haikukaa foleni, hakuna aliyekumbuka tena nani kati yao aliolewa mwanzo. Siku ya pilau kila mmoja alikuwa mke mkubwa. Siku ya kufua kila mmoja alikuwa na mgongo unaomuuma. Ugomvi wao ulishazeeka ukang'oka meno, ukabaki kumung'unya tu.

Lakini siku ile Bi Mwanjaa hakuishia kwenye jembe. Aligonga tena, taratibu.

"Somoe, inuka basi. Msikizi kaja. Kakaa pale chemchemini, juu ya jiwe letu la kufulia, na kibuyu kakipakata kama mtoto."

Bi Somoe akakaa ukingoni mwa kitanda, miguu haijagusa chini.

Nchi ile ilikuwa na sheria moja iliyomeza nyingine zote. Kitu hakikuwapo mpaka kisemwe ndani ya kibuyu. Msikizi alikuja, akafungua kizibo, na yule aliyekiona kitu mwanzo akakieleza, umbo lake na rangi yake na ukaaji wake. Kisha kibuyu kikazibwa kwa nta, kikapelekwa mjini kwenye jumba la vibuyu, kikaning'inizwa darini. Hapo ndipo kitu kilipokuwapo. Na chemchemi nazo zilikuwa na sheria yao, mtoto wa ile kubwa: chemchemi yenye kiumbe chake, kisichoonekana penginepo, iachwe itiririke. Isiyo na kiumbe izibwe kwa mawe, maji yake yafundishwe njia ya mjini. Za majirani zote zilikwisha kufundishwa. Ilibaki hii moja, ambayo wazee hawa walikunywa, walifulia, na kwa maji yake walimwosha mume wao mara ya mwisho.

Bi Somoe alikuwa ameliwaza jambo hili miaka mingi, akichambua mchele, maana mchele huupa mkono kazi na kichwa hukiacha kikizurura. Kuku anataga. Yai linaanguliwa. Kifaranga kinalia, mwewe anakisikia, anakuja. Sasa mwewe amemwamini nani? Nani alimwambia mwewe kwamba kifaranga kipo? Hakungoja kibuyu. Basi mwewe anajua, kifaranga chenyewe kinajua, mama yake aliyebaki akihangaika uwanjani anajua, ila mji haujui, na usilolijua mji halipo. Na yule mtu wa kwanza, aliyesema ndani ya kibuyu cha kwanza, yeye alisemwa na nani ili awepo wa kusema? Huenda hakusemwa na mtu. Huenda jumba zima la vibuyu linaning'inia kwenye msumari ambao haupo. Akifika hapo Bi Somoe huona kizunguzungu, akarudi kwenye chuya zake.

Wakashuka bondeni, Bi Mwanjaa mbele na mkongojo, Bi Somoe nyuma akinong'ona, "Yupo. Yupo. Yupo."

"Unakariri nini?"

"Neno la kwanza. Lisije likaniponyoka."

"Wewe, uliyesimulia hadithi mpaka mbuzi wakasinzia, leo uponyokwe na neno?"

Ni kweli, Bi Somoe alikuwa msimulizi. Watoto wa bonde lote walilala kwa mdomo wake, na watoto wao, na wa hao. Na hadithi katika nchi ile zilikuwa na mlango mmoja tu wa kuingilia. Msimulizi husema, "Kale alikuwako." Nao wasikilizaji huitikia, "Akapita, tukabaki." Asiyeitikia hapewi hadithi. Bi Mwanjaa, ambaye hakuwahi kukiri kwamba anazipenda hadithi za mke mwenzake, ndiye aliyeitikia kwa sauti kubwa kuliko watoto wote.

Njiani walikutana na msichana mwenye mtungi kichwani. Bi Somoe alimjua kwa lile kovu la gotini, lenye umbo la mbegu ya boga. Alikuwa yeye mwenyewe, akitoka kuchota. Hawakuamkiana, maana mtu hajiamkii. Ila msichana aliinamisha macho kama anayepita karibu na matanga, na Bi Somoe akajiuliza anayaona matanga ya nani.

Chemchemini mawe yalikwisha kurundikwa. Wanaume wa kuziba walikaa kivulini wakila mihogo ya kuchoma, hawana ubaya na mtu. Msikizi akainuka kwa adabu. Masikio yake yalikuwa makubwa, yamelala kama majani ya myugwa, na kinywa kidogo kama kitundu cha sindano. Uso wake haukukaa mahali: ukimtazama kushoto alikuwa mzee, kulia alikuwa kijana wa juzi.

"Shikamooni, bibi zangu."

"Marahaba, mwanangu. Umekula?" akauliza Bi Somoe.

"Nimekula, bibi."

"Basi chakula chote kinakwenda masikioni," akasema Bi Mwanjaa, "maana mwenyewe umebaki ufito."

Msikizi akacheka, na kilichocheka ni masikio tu. Kisha akatazama maji. "Mmeniita mkasema mnacho kiumbe. Isiwe kereng'ende, bibi. Kereng'ende tunaye. Kibuyu chake kilizibwa kabla sijazaliwa, au nitakapokuwa nimezaliwa, sikumbuki."

"Si kereng'ende," akasema Bi Somoe. "Wanafanana kama kisu na sindano. Vyote chuma, lakini hebu shonea kisu."

"Usiniambie mimi. Mimi sikio tu. Kiambie kibuyu." Akashusha sauti. "Ila nakuomba, bibi yangu, neno la kwanza. Neno la kwanza ni fahali, mengine yote hufuata mkia wake. Ukianza na yupo, atakuwapo mpaka mwisho wa maneno. Ukianzia kwingine sina la kukusaidia. Nikishatia nta, hata mimi sifungui."

"Kwani mimi mtoto?"

"Hapana, bibi."

"Basi kaa."

Kiumbe chenyewe kilikuwa pale pale, juu ya tete lililoinamia maji, kama kilichokuja kusikiliza kesi yake. Bi Somoe ndiye aliyekiona mwanzo, siku moja akisuuza shuka. Alikiona kwa sababu hakikufanya anavyofanya kereng'ende. Kereng'ende akitua huyaacha mabawa wazi, mikono miwili huku na miwili kule, kama mtu anayepekuliwa na askari. Huyu alipotua aliyakunja yote manne mgongoni, akayalaza pamoja, kama mwanamke anayekunja kanga ya kutokea ili isipate mikunjo. Bi Somoe alimwita mwenzake aje aone. Bi Mwanjaa alimtazama yule mdudu, kiuno kile, mapambo yale, akasema, "Haa. Bwana yetu kaoa tena huko aliko. Huyu ni Bi Mdogo."

"Huyu dume, Mwanjaa. Tazama mkiani, ana koleo."

"Basi Bi Mdogo mwenye ndevu. Wewe yakuhusu nini?"

Na jina likashika. Wakawa wake watatu. Walimsalimu wakija kufua, walimsengenya wakiondoka. Hawakumjua mwingine kama yeye katika bonde lolote, na mabonde waliyatembea yote, wakati miguu ilikuwa yao.

Msikizi akang'oa kizibo. Akakiweka kibuyu juu ya jiwe la kufulia, mbele ya magoti ya Bi Somoe, kisha akarudi nyuma, akafumba macho. Wanaume wa kuziba wakaacha kutafuna. Maji peke yake yaliendelea kusema.

Bi Somoe akakitazama kibuyu. Kinywa chake kilikuwa cha duara, cheusi, kimetulia, kimefunguka kidogo. Alikuwa amekiona kinywa kama kile mara nyingi mno. Ni kinywa cha mtoto aliyekwisha kula, aliyefunikwa mpaka kidevuni, anayesubiri. Na mbele ya kinywa kile mwili wake wote ulijua la kufanya bila kumuuliza: mgongo ukainama, mkono ukavuta kanga begani, koo likajisafisha. Yupo, alisema moyoni, yupo, yupo. Kisha akafungua mdomo.

"Kale alikuwako," akasema Bi Somoe.

"Akapita, tukabaki," akaitikia Bi Mwanjaa.

Hapo Msikizi akafumbua macho, akayafumba tena haraka, kama mtu aliyechungulia chumba kisicho chake. Bi Mwanjaa akajiziba mdomo kwa kiganja. Bi Somoe akaona kile kiganja, akadhani mwenzake amepigwa na uzuri wa mwanzo. Akajisikia vizuri. Akaendelea.

"Alikuwako mdudu wa maji, mrefu kama kidole changu cha kati, mwembamba kama chane ya ukili. Kichwa chake kilikuwa kipana kuliko mwili, kimelala ubavu kwa ubavu kama mchi mdogo wenye vichwa viwili, na kila kichwa cha mchi kilikuwa jicho. Macho yake hayakugusana. Ya kereng'ende hugusana, hubanana kama ndugu wanaogombea kitanda. Yake yaliachana, katikati pakabaki paji la uso, na juu ya paji palikuwa na alama ya rangi ya manjano, mfano wa punje ya ufuta. Macho yenyewe yalikuwa ya kijani juu, na chini yalikuwa kama asali."

Juu ya tete, Bi Mdogo aligeuza kichwa. Kijani cha macho yake kikatulia, kikawa kama maji ya kunde. Wingu, aliwaza Bi Somoe.

"Kidari chake kiliinama nyuma, kana kwamba alisukumwa na upepo akakataa kuanguka. Kilikuwa cheusi chenye kung'aa, na kila ubavu ulipakwa mstari wa dhahabu, na mstari ule haukunyooka, ulikatika katikati ukaacha pengo, kama mtu aliyeanza kusema akakumbuka. Kwa pengo lile mngemtambua popote. Miguu yake ilikuwa sita, yenye vinywele virefu vilivyopangika kama meno ya kitana, na haikujua kutembea. Miguu ile ilikuwa ya kushikia tu. Mabawa yake yalianza kwa kikonyo chembamba, kama jani, ndipo yakapanuka, na yote manne yalilingana. Mishipa yake ilisukwa vyumba vyumba. Karibu na ncha, kila bawa lilikuwa na doa moja jekundu, kana kwamba mwenye kulishona alijichoma kidole."

Alikuwa ameshika mwendo sasa. Hajawahi kueleza kitu vizuri namna ile, na alijua. Aliona kwa mbali kwamba dhahabu ya ubavuni imefifia, lakini mwenye kusimulia humwona zaidi yule aliye mdomoni kuliko yule aliye mbele ya macho. Bi Mwanjaa alikuwa akimvuta pindo la kanga. Hakuthubutu kusema, maana la mtu wa pili likiingia kibuyuni huharibu yote, naye lake lilikwisha kuingia. Alivuta tu. Bi Somoe akaupiga ule mkono kofi dogo, kama anavyopigwa mtoto anayeomba hadithi iishe apelekwe chooni.

"Na mkia wake, jamani. Mkia wake ulikuwa na pingili kumi, kama muwa uliotengenezwa kwa mkono wa mtu mvumilivu. Ya kwanza ilikuwa fupi. Za katikati zilikuwa ndefu, nyeusi, kila moja na pete nyembamba shingoni. Ya nane na ya tisa zilikuwa buluu. Sijui niwaambie buluu gani. Si ya mbingu, mbingu imetumiwa sana. Ilikuwa buluu ya moto chini kabisa ya utambi, pale ambapo moto wenyewe haujajua kama ni moto. Na juu ya buluu ile palikuwa na unga mweupe, kidogo mno, kama uliobaki kwenye kiganja baada ya kupukuta. Ya kumi ilibeba koleo, na ncha zake zilijikunja kuelekeana, zikakaribia kugusana, hazikugusana. Alipotua aliyafunga mabawa yake. Alipoyafunga yalionekana bawa moja. Basi, huyo ndiye."

Msikizi akakitazama kizibo mkononi mwake kwa muda, kama anayetamani kiwe kikubwa kuliko shimo. Hakikuwa kikubwa. Akakitia, akayeyusha nta kwa kijinga cha moto walichochomea mihogo, akaizungusha nta, ikaganda. Halafu akapiga goti mbele ya wale wazee, akashika mkono wa Bi Somoe kwa mikono yake miwili.

"Poleni, bibi zangu."

"Pole ya nini, mwanangu?"

"Ya msiba."

Bi Somoe akamtazama, kisha akamtazama Bi Mwanjaa, na Bi Mwanjaa alikuwa akilia bila sauti, mdomo bado umezibwa. Hapo ndipo yale maneno yalipomrudia Bi Somoe kutoka mwanzo, moja moja, kama vyombo vinavyorudishwa baada ya shughuli. Alikuwako. Kilikuwa. Yalikuwa. Ulikuwa. Akageukia tete.

Bi Mdogo alikuwa bado ameshika jani kwa miguu yake sita. Lakini buluu haikuwapo. Pingili ya nane na ya tisa zilikuwa rangi ya majani makavu ya chai, na kidari rangi ya majani makavu ya chai, na macho yamefanya utando. Bi Somoe akanyoosha kidole. Yule mdudu akadondokea kiganjani, mwepesi, mkavu, kama kijiti alichochokolea mtu meno.

"Fungua," akasema. "Fungua, baba, nianze upya. Nilikosea mlango tu. Nilijua la kusema."

"Ninajua ulijua, bibi."

"Basi fungua."

"Mimi sikio tu," akasema Msikizi, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayelichukia sikio lake. Akafunga kibuyu kiunoni. Alipokuwa anapanda mlima, upande wake wa uzee ndio ulioonekana, na mpaka akapotea hakugeuka.

Bi Somoe akamsogeza mdudu karibu na mdomo. Hatangoja kibuyu. Atamwambia mwenyewe, kama mwewe na kifaranga, ana kwa ana.

"Yu," akasema. "Yu. Ali. Hapana. Wewe una. Una macho ya. Uli. Una. Mabawa yako ya. Yali." Ulimi uliteleza kila mara kuelekea upande ule ule, kama maji yaliyokwisha kuchimbiwa mfereji. Alijua neno. Aliliona. Lilikuwa limekaa ng'ambo ya meno yake, herufi nne tu, amelisema tangu nyumbani njia nzima. Ali. Ali. Alikuwako.

Wanaume wa kuziba wakaja na mawe. Mmoja wao alimwomba radhi, akamsaidia kuhama kutoka kwenye jiwe la kufulia, maana nalo lilikuwa zuri kwa kazi ile. Waliziba taratibu, bila fujo, wakaanza na mawe makubwa, wakajaliza kwa madogo. Bi Somoe akakumbuka watoto. Chini ya maji yale, kwenye matope, Bi Mdogo alikuwa na watoto wasio na mabawa, wenye vijani vitatu mkiani kama manyoya, ambao wangepanda tete siku yao, wapasuke mgongo, watoke wakiwa buluu. Hakuwataja. Kwa raha za kusimulia alisahau kuwataja. Kwa hiyo wao hawakuwako, wala hawapo, wala hawakupita. Hakuna neno lolote lililowashika. Akawaza kama huo ni uhuru au ni kiza kingine, na kabla hajapata jibu jiwe la kufulia likakaa mahali pake, na maji yakaacha kusema katikati ya neno.

Bonde likawa kimya kiasi kwamba walisikia mate wakiyameza. Wanaume waliaga, "Kwaherini, mama zetu," wakaenda. Wazee wawili wakabaki juu ya mawe, mmoja na kiganja wazi.

"Twende nyumbani," akasema Bi Mwanjaa.

Mwenzake hakusogea.

"Somoe. Si kosa lako peke yako. Mimi ndiye niliyeitikia."

Bi Somoe akazidi kukitazama kiganja.

Bi Mwanjaa akanyanyua mkongojo, akagonga jiwe, kama anavyogonga ukuta. "Upo?"

Bi Somoe akafungua mdomo. Bi Mwanjaa akaliona neno likipanda kooni mwa mke mwenzake, akaona lina umbo gani na linaelekea upande gani, akaruka kwa magoti yake yale mabovu akamziba mdomo kwa kiganja.

"Usijibu," akasema. "Nyamaza wewe. Nitajibu mimi." Akatazama huku na huku. Hapakuwa na kibuyu, wala sikio, hata maji hayakuwapo ya kusikiliza. Akaanza.

"Yupo. Huyu mke mwenzangu yupo. Ana kichwa kidogo, chenye mvi kama unga uliobaki kinuni. Ana macho mawili yaliyoachana, la kushoto lina mtoto wa jicho. Ana shingo yenye mikunjo mitatu, anaisifia mpaka leo. Ana mabega, moja limeshuka kwa ajili ya mtungi. Ana goti lenye kovu, umbo la mbegu ya boga. Anapumua. Namsikia hapa kwenye kiganja, anapumua, pumzi yake ina moto. Ana mikono. Ana vidole..."

Alipofika kwenye vidole akasita. Vilikuwa vimefunga sasa, vimemfunika yule mdudu, havimbani wala havimwachii. Vikiisha vidole hakuna tena cha kueleza, na kinachokwisha kuelezwa huzibwa. Bi Mwanjaa hakuvitaja. Akavuta pumzi, mkono bado uko mdomoni mwa mwenzake, akarudi juu.

"Yupo," akasema. "Ana kichwa kidogo..."